Krateri ya Sarpedon: ilistahili kurudi Italia?

Hoja: Mwaka 2008 Makumbusho ya Metropolitan, New York, yalirudisha Italia krateri ya Euphronios, chombo kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, kilichochorwa Athens yapata 515 KK kifo cha Sarpedon, shujaa wa visa vya Kigiriki. Yaliinunua mwaka 1972 kwa dola milioni 1. Sasa iko Cerveteri, mji wa Italia. Je, ilikuwa haki?

Mfinyanzi: Euphronios aliyechora na Euxitheos aliyefinyanga wote wameandika majina yao juu yake, na wote ni mafundi wa Athens. Kama tunafuata asili, ni mali ya Ugiriki. Italia inaingiaje hapa?

Mchimbuzi: Inaingia kwa sheria. Tangu 1909 mambo ya kale yaliyomo ardhini Italia ni ya taifa. Krateri hii ilichimbuliwa na wezi Cerveteri mwishoni mwa 1971. Athens iliuza vyombo vyake kwa Waetruska, watu wa kale wa Italia, nao wakavizika na wafu wao. Aliyeuza mbuzi hadai ngozi. Na tukifuata kisa chenyewe, Sarpedon alipelekwa kuzikwa Likia, Uturuki ya leo. Nao waje wadai?

Mtetezi wa New York: Sheria nakubali. Ila tazameni mchoro: Sarpedon, mwana wa mungu mkuu Zeus, aliyeuawa vitani na Patroklos, analala kama mti uliokatwa, Usingizi na Mauti wenye mabawa wanamnyanyua, Hermes, mjumbe wa miungu, kasimama katikati, damu bado inachuruzika. Haihitaji kaburi ili ieleweke. Na wangapi wanafika Cerveteri?

Mchimbuzi: Kisa kinaeleweka, ndiyo. Nani alikichagua, na kwa nini? Kuna kikombe cha Euphronios huyohuyo chenye kifo hichohicho cha Sarpedon, nacho kilipita kwa wafanyabiashara kabla ya kurudi Italia. Vilitoka kaburi moja? Kama ndivyo, tuna Muetruska aliyetaka kisa hiki hasa kiandamane na maiti. Jibu lilikuwa kwenye udongo: kila kitu kililala wapi, kando ya mifupa gani. Wezi huchoma ardhi kwa fimbo ndefu ya chuma. Ikigonga jiwe au ikizama ghafla kwenye uwazi, wanatoboa. Hubeba chenye bei, wanakanyaga mengine. Vyombo huvushwa mpakani vikiwa vigae, na hii nayo iliunganishwa Uswisi.

Mtetezi wa New York: Maabara haziwezi kujibu?

Mfinyanzi: Hapo namuunga mkono Mchimbuzi. Fundi alipaka uji laini sana wa udongo pembezoni mwa maumbo, akayaacha yenyewe bila kupakwa. Jokoni, hewa ikiingia hadi nyuzi 800 hivi, chote huwa chekundu. Matundu yakizibwa, kuni mbichi zikatiwa na moto ukapita 900, chote huwa cheusi. Yakifunguliwa tena moto ukishuka, mwili wa chombo hurudi kuwa mwekundu, ila ule uji umeshakuwa kama kioo, hewa haiupenyi, unabaki mweusi. Usipoiva vizuri hutoka madoa mekundu. Yote hayo yanasomeka kwenye kigae, pamoja na kwamba udongo ni wa Athens. Kaburi halisomeki.

Mtetezi wa New York: Bado swali la watazamaji lipo.

Mchimbuzi: Lilijibiwa kwenye mkataba wa 2006: Metropolitan ilirudisha, Italia ikakubali kuiazima vitu vya hadhi kama hiyo, kwa vipindi vya hadi miaka minne. Vitu hivyo vinasafiri vikiwa na karatasi zao.