Tupeane uzoefu: ulipoulizwa "huyu si wewe?" ulijibu nini?

Mwanzisha mada, Tanga

Dada zangu na mama zangu mnaotunga kwa Kiswahili, shikamooni mnaostahili, na wengine nawasalimu. Riwaya yangu ya kwanza inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza na mwanamke aliyemtoroka mumewe usiku, mtoto mgongoni na sanduku mkononi, akapanda basi la kwenda Lindi. Mimi sijamtoroka mtu. Hata hivyo, wiki moja baada ya nakala kufika mtaani, mama mkwe wangu, aliyekuwa amesomewa kurasa chache na wajukuu, aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini ni lini mwanawe alinipiga. Kaka yangu huandika hadithi za majambazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameiba benki gani.

Niliporudi mezani kuandika kitabu cha pili, swali lile nalo likavuta kiti likaketi. Kila nilipotaka mhusika wangu atamani, akasirike au aseme uongo, nilimwona mama mkwe akisomewa. Nikahamia nafsi ya tatu, nikamfanya mhusika kuwa mchuuzi wa samaki, kazi nisiyoijua, na kwa sababu siijui nikalazimika kwenda sokoni alfajiri kwa siku tisa kuwasikiliza wanawake wakinadi. Hofu ilinipa mhusika bora kuliko yule wa kwanza, jambo ambalo bado linaniudhi kulikiri. Nanyi je, swali hilo liliwakuta wapi, na lilibadili nini katika uandishi wenu?

Bibi wa Unguja

Marahaba, mwanangu. Mimi kwa miaka mingi niliandika hadithi za magazetini kwa jina la kiume, si kwa woga wa mume bali kwa sababu mhariri wa kwanza alidhani hivyo nami sikumsahihisha. Barua za wasomaji zilikuja zikianza na "Bwana mwandishi", zikisifu jinsi bwana huyo alivyoufahamu moyo wa mwanamke, na moja iliniombea kwa Mungu nipate mke anayestahili ujuzi huo. Nilipoanza kutumia jina langu sikubadili mtindo wala maudhui, lakini sifa ikageuka: sasa nikaambiwa nimeeleza yaliyonikuta. Alipoandika bwana, ule ulikuwa ufundi; nilipoandika mimi, ukawa ushuhuda. Kwa hiyo ushauri wa kuhamia nafsi ya tatu siuamini sana, mwanangu, kwa kuwa hadithi zangu zote zilikuwa za nafsi ya tatu.

Mtunga tenzi, Mombasa

Naomba nitofautiane kidogo na mama yetu. Katika utenzi, kuulizwa kama ni wewe si tusi, maana desturi yenyewe inamtaka mtunzi ajitaje. Mwana Kupona binti Mshamu, mwishoni mwa utenzi aliomtungia bintiye, alitia jina lake, akasema alizaliwa Pate, akataja na mwaka wa Hijria 1275, ambao ni 1858. Mwanzoni anaeleza kwamba ameugua mwaka mzima, kisha anamwita binti aketi karibu na wino na karatasi. Kila nikifika hapo huwaza juu ya binti huyo, mkono wake ukiandika maneno ya mama anayeaga.

Nami nilipomtungia marehemu mama yangu utenzi, nilijitaja, na nilipoulizwa nilijibu kwamba ndiyo, ni mimi. Kilichonilinda ni arudhi, yaani kanuni za utungaji wa mashairi. Mizani nane katika kila kipande hazina nafasi ya kumwaga kila kitu. Huzuni ikitaka kupita lazima ichague maneno, na kina kikigoma, hubidi niache nilichotaka kusema na kusema kingine, ambacho mara nyingi ni kweli zaidi.

Mwalimu, Nakuru

Huulizwa na wanafunzi kila muhula, nami huitikia kwamba ndiyo, wahusika wote ni mimi, akiwemo mbuzi. Baada ya hapo huwa tunaweza kuzungumzia hadithi.

Mwandishi wa tamthilia, Dodoma

Kwetu jukwaani mambo huenda kombo kwa namna nyingine. Niliposoma *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, iliyochapishwa mwaka 1982, nilivutiwa na wanawake wanaoitwa Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane, nikadhani nimepata kinga, kwa sababu nani atauliza kama wewe ni namba? Nami nikawaita wahusika wangu kwa kazi zao: Mshonaji, Mkunga, Hawara. Kweli, mimi sikuulizwa. Aliyeulizwa ni binti aliyeigiza Hawara, ambaye kwa miezi kadhaa hakuweza kwenda kisimani bila kuchekwa. Tangu hapo nikiandika sehemu ya mwanamke anayelaumiwa, humfikiria kwanza atakayeivaa, na humpa walau tukio moja ambalo ndani yake hadhira italazimika kunyamaza na kumsikiliza.

Mwanzisha mada, Tanga

Nimewasoma nyote, na bibi amenivunja nguvu kwa haki. Mswada wangu wa tatu nimeurudisha kwenye nafsi ya kwanza, na mwanamke ni yule yule wa Lindi, miaka ishirini baadaye, akikumbuka. Safari hii sikungoja wajukuu. Jioni, tukishamaliza kuchambua mchele, mimi mwenyewe humsomea mama mkwe kurasa za siku hiyo, naye husikiliza amefumba macho.

Juzi tulifika mahali ambapo mhusika anakumbuka usiku wa kutoroka, na lile sanduku. Mama mkwe akanizuia kwa mkono. Akasema mwanamke anayetoka usiku habebi sanduku. Huvaa nguo zake zote, moja juu ya nyingine, na kanga juu yake, ili mikono ibaki ya mtoto, na viatu hushikwa mpaka avuke uwanja. Nikafuta sanduku, nikaandika kama alivyosema.

Sikumuuliza.