Mnyama gani njo adui namba moja ya mashine? Tumbili, kindi, papa ao mende?

Kasuku_Katindo (Goma)

Habari zenu bandugu bote. Niko na swali ya kuchekesha lakini jibu nataka ya kweli kabisa: mnyama gani njo ameshaharibia watu mashine mingi kushinda wengine bote hapa duniani? Sizungumzie kuuma watu, nazungumzia umeme, ordinatere, enterneti, vitu kama hizo.

Kwa kikundi yetu ya informatike, kila mara konekisio ikianguka hakukosekane mtu ya kusema ni mahaka, wale wezi wa kuingilia kompyuta, ni vita ya enterneti, kuko watu ng'ambo wametubinyia kitufe. Mimi nabishaka. Naambiaka wenzangu: muangalie Kenya, tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 2016. Tumbili moja tu ilipanda juu ya paa ya sentrale ya umeme ya Gitaru, kule kwenye mto Tana, ikaangukia transfo. Transfo ikakata. Mashine zingine za pale zikabebeshwa mzigo yote kwa mara moja, nazo zikakata, megawati zaidi ya 180 zikapotea na giza ikaingia inchi nzima. Inchi nzima bandugu! Na tumbili yenyewe haikukufa, watu wa kulinda wanyama walikuja kuichukua iko muzima.

Halafu iko ya CERN, ile kituo ya utafiti yenye iko na mashine ya mzunguko ya kilometa 27 chini ya udongo, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yenye wanagongeshea chembechembe za atomu. Mwezi wa 4 mwaka ule ule 2016 kamnyama kama kicheche kakaingia kwenye transfo ya volti 66,000. Kakafa pale pale, mashine ikasimama. Mwezi wa 11 kengine kakaruka lupango kakafanya vile vile, na hako ka pili wakakapeleka makumbusho ya Rotterdam watu wakaangalie, ndevu zimeungua, manyoya zimeungua. Hii habari naipenda sana, ju pale kuko watafiti maelfu na maelfu, kuko kompyuta za nguvu, kuko walinzi, na kiumbe yenye haifike ata kilo tatu inasimamisha yote kwa usiku mmoja.

Basi kura yangu kwa sasa iko kwa tumbili. Nileteeni zenu, lakini za kweli, si zile za kusambaza tu WhatsApp.

Mwana_Vitshumbi

Mudogo wangu, ukisema mnyama mukali usipite kiboko. Mimi nilikomalia Vitshumbi, pembeni ya ziwa Edouard. Kule usiku kiboko inatoka mu maji inakuja kula majani katikati ya manyumba, uko umelala unasikia paka ile mulio ya kung'oa majani nyuma ya ukuta, krup, krup, krup, na hautoke inje ata kama tumbo inakukata. Asubuhi unaona ile miguu yake imeingia mu matope karibu na mulango. Watu ya Goma munapona, ziwa Kivu haina kiboko wala mamba, munajiogelea tu.

Lakini nisikie mtu anaiita mubaya nitamukatalia. Miaka ya 1970 kule upande ya Virunga viboko vilikuwa zaidi ya 20,000, kufika 2005 vikabakia chini ya 1,000, ju ya nyama, ju ya meno, ju ya vita. Inalinda maji yake na mtoto yake, ni haki yake. Kwa ordinatere siiweke, kiboko haina shida na ordinatere. Kwa moteri ya pirogi, njo, andika jina yake.

Fundi_wa_Birere

Mimi natengenezaka vyombo vya umeme hapa Birere miaka mingi na nasema hivi bila kupepesa: muache tumbili, muache kiboko, adui ni MENDE na MJUSI. Bote munatafuta habari ya mbali na iko inalala ndani ya dekoda yenu.

Sikilizeni namna inafanya. Mende inapenda joto na giza. Dekoda, televizio, stabilizatere, rutere, hizo zote ziko na joto usiku na muchana, na ziko na matundu ya kupumulia, kwa mende ni nyumba ya bure yenye moto ndani. Inaingia, inazaa, inakunya, na ile mavi yake na maganda ya mayai inakaa juu ya kadi ya umeme kama chumvichumvi ya kahawia, kukiwa unyevu kidogo inapitisha umeme pale yenye haipaswi kupita. Mwenye chombo ananiambia fundi ilikufa yenyewe tu. Hakuna chombo inakufa yenyewe tu!

Mjusi naye ni kisa ingine. Yeye anafuata mende na mbu, anaingia mu stabilizatere kuwinda. Nikifungua namukuta amekauka, mukono moja iko kwa waya hii, mukia iko kwa ile, amefunga njia kabisa, na pembeni yake fizibo imekuwa nyeusi tii. Yule hakufanya kosa, alikuwa anatafuta chakula, lakini firigo ya mama mzima na samaki yake ya biashara imeenda.

Dawa yake: wavu ya chuma yenye matundu madogo sana, ile ya kuzuiliaka mbu, unaibandika NDANI ya matundu ya kupumulia, si inje. Usizibe na kitambaa ao kaboni, hewa itakosa kupita na chombo itaungua kwa joto. Na chombo usiiweke chini karibu na jikoni, ju mende njo kule inatoka. Panya kwa waya za fibre ni habari ingine, sitaki kuanza hiyo ju sitamaliza leo.

Kitoko_Lushi (Lubumbashi)

Mzee fundi nakuheshimu sana lakini kuko KINDI. Amerika kule tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1987 kindi moja ilikata umeme ya kituo ya kompyuta za Nasdaq, ile soko ya kuuzia hisa, watu na mamilioni yao wakakaa karibu saa moja na nusu hakuna biashara. Mwaka 1994 kindi ingine ikarudilia! Kukakuwa ata mtu ya usalama ya kompyuta mwenye alichoka kusikia kila siku mahaka watazima umeme ya dunia, akaanza kuhesabu mara zote zenye wanyama wanakata umeme, akaita ile kazi CyberSquirrel1. Kindi peke yao zilipita 1,000 kwa hesabu yake, kisha ndege, nyoka, panya na wengine, na upande ya mahaka zenye zilihakikishwa unahesabia kwa vidole vya mukono moja. Basi Kasuku, peleka ile kwa wenzako wa kikundi waisome.

Na kama ni ukali tu bila mashine, mimi sijasoma kitu imenifurahisha kama Australia mwaka 1932. Emu, ile ndege mikubwa hairuke, zilikuja kama 20,000 kwenye mashamba ya ngano kule Magharibi, serikali ikatuma basoda na bunduki mbili za mitrayezi aina ya Lewis na risasi 10,000. Wakifyatua, emu zinagawanyika vikundi vikundi zinakimbia kila upande, na emu inakimbia kama gari kabisa, kilometa 50 kwa saa. Basoda wakarudi, wakajaribu tena, wakaacha. Emu zikabakia na Australia yao mpaka leo.

Ao prezida Carter wa Amerika, mwaka 1979 akiwa mu pirogi kwao kule Georgia anavua samaki, sungura ya kinamasi ikaogelea inamukujia na hasira, akaifukuza kwa kutupia maji na kasia. Kuko na foto, watu walibishaka paka yenye ilitoka.

Yaya_Ibanda (Bukavu)

Wadogo zangu, nafundisha rezo hapa Bukavu, na kila mwaka kuko mwanafunzi atainua mukono aseme enterneti inakatwa na papa ndani ya bahari. Ile habari ilienea sana mwaka 2014, pale Google walisema wanafunika nyaya zao za bahari na kitu ngumu ile wanafanyiaka gilé ya kuzuia risasi. Na kweli kuko filimu ya zamani papa anauma waya. Lakini watu wenye wanafuatilia nyaya za bahari wanahesabu kila mukatiko, na zaidi ya nusu inatoka kwa nanga za mashua na nyavu za wavuvi. Papa ni kitu kidogo sana, karibu hakuna. Namuteteaka huyu mnyama kila mwaka mbele ya tablo na nitaendelea.

Munataka kujua nani anakata? MTO CONGO. Ndiyo, mto yetu. Pale unaingia bahari, chini ya maji kuko bonde refu lenye mto umechimba, linaendelea mbali ndani ya Atlantiki. Mwisho wa 2019 maji ilijaa kupita kiasi, muchanga na matope zikarundikana pale mulangoni, na mwezi wa kwanza 2020 zikabomoka zote kwa mara moja, zikashuka ndani ya lile bonde kilometa zaidi ya 1,100 chini ya bahari, zikakata waya mbili za enterneti, WACS na SAT-3. Mwezi wa 8 mwaka 2023 ikawa vile tena, nyaya zile zile mbili. Enterneti ikapungua mupaka Afrika ya Kusini. Nikiwaeleza wanafunzi, darasa yote inanyamaza, ju kila mtu aliona huu mto kwenye karta tangu primere na hakuna mwenye aliwaza unaweza kukata simu ya mtu wa Cape Town.

Kwa mnyama wa baharini mwenye kuharibu kweli kuko orca, ile pomboo kubwa nyeusi na nyeupe. Tangu 2020, kule karibu na Gibraltar, kikundi kidogo chao kinafuata mashua za tanga na kuvunja usukani. Wataalamu wengi wanaona ni muchezo. Na orca ziko na mitindo kabisa, mwaka 1987 upande wa Marekani ya kaskazini-magharibi zilianza kutembea na samaki mufu juu ya kichwa, kikundi kimoja kikaanza, vingine vikaiga, kisha zikaacha zote. Kama vijana na viatu.

Kasuku_Katindo (Goma)

Yaya!! Mto Congo!! Nimesoma kwa sauti hapa, wote wamesimama. Haiingie kwa wanyama lakini itakuwa ya kwanza nitasema siku tutakutana.

Kura yangu imehamia kwa kindi, ju Kitoko ameleta hesabu. Fundi, nilifungua rutere ya mezani usiku, sitasema nilikuta nini, wavu tunanunua leo. Swali ya pili sasa: kuko mnyama mwenye amesaidia rezo ata mara moja? Ju tukiendelea hivi itaonekana wao wote ni wabaya.

Yaya_Ibanda (Bukavu)

Njiwa! Tarehe 1 mwezi wa 4 mwaka 1990 David Waitzman aliandika kwa mzaha RFC 1149, kanuni kamili namna ya kupitisha pakiti za IP, vile vipande vya data ya enterneti, juu ya njiwa, imeandikwa kwa lugha ile ile ya kanuni zingine zote za enterneti. Watu wakacheka miaka kumi na moja, kisha mwaka 2001 kikundi cha wapenzi wa Linux (programu ya kuendesha kompyuta) cha Bergen, Norwe, wakaifanya kweli. Walituma pakiti 9, majibu yakarudi 4, ping (muda ya kwenda na kurudi na jibu) ya haraka ilichukua dakika karibu 53 na ya polepole inapita saa moja na nusu. Pakiti 55 kwa mia zimepotea, na bado ni rezo, inatembea!

Na mwaka 2009 Afrika ya Kusini, njiwa anaitwa Winston alibeba giga 4 kilometa kama 80 akafika kwa saa moja na dakika 8. Wakati data ilimaliza kuingia kwa ordinatere, ile konekisio ya ADSL, ya kupitia waya ya simu, yenye ilianza pamoja naye ilikuwa imepeleka 4 kwa mia.

Njiwa_Kadutu (Bukavu)

Nimekaa kimya nasoma lakini hapa munanitaja. Nafuga njiwa Kadutu tangu niko mutoto. Nimefanya hesabu kwa karatasi: Goma na Bukavu kwa njia ya hewa tuseme kilometa 100, njiwa wa muzuri anamaliza kwa saa moja na nusu. Ukimufunga kadi ndogo ya simu ya tera moja, haifike ata gramu moja, hatasikia uzito. Tera moja kwa saa moja na nusu ni karibu gigabiti 1.5 kila sekunde! Nani kati yenu iko na konekisio ya vile nyumbani?

Shida ni tatu. Njiwa anajua kurudi nyumbani tu, kwa hiyo lazima nimupeleke Goma mu kanoti ndani ya kitunga, na atatuma upande moja peke. Ya pili, karibu njia nzima iko juu ya ziwa, na njiwa hapendi kuvuka maji mingi, atapitia kando kando na kilometa zitaongezeka, kwa hiyo tumufundishe kidogo kidogo, kwanza kutoka kisiwa ya Idjwi katikati ya ziwa. Ya tatu mwewe. Mwewe ni wengi sana pande zote mbili na wanajua njiwa mwenye amechoka. Tutume njiwa watatu na kadi tatu zenye data moja.

Fundi, unaweza kutengeneza kamufuko ka muguu kenye hakaingie maji? Na Kasuku, data mutaweka nini? Museme mapema, ju njiwa wa safari ya Idjwi naanza kuwafundisha juma ijayo.

Fundi_wa_Birere

Naweza. Nipe upana ya muguu yake kwa milimeta.