Mafunzo ya mtandaoni kwa wahudumu wa afya ya akili na uraibu: mazoezi yafanyikeje?

Mratibu: Wadau, tunaandaa mafunzo kwa wahudumu 24. Nadharia inaeleweka, lakini ustadi wa kuzungumza na mteja haushiki. Vikao tuvipange vipi?

Mnasihi Mwandamizi: Wagawe watatu watatu: mhudumu, mteja, mtazamaji. Dakika 8 za mazungumzo, 5 za maoni, kisha wabadilishane. Mtazamaji azime kamera na ahesabu vitu viwili tu, maswali na tafakari (yaani kumrudishia mteja alichosema kwa maneno yako). Lengeni tafakari mbili kwa kila swali. Mteja akisema, "Nikikosa pombe silali," wengi hukimbilia "Unakunywa chupa ngapi?" Hapo mazungumzo yanageuka mahojiano ya polisi. Afadhali, "Usiku ndio unaokutesa zaidi." Kisha mhudumu anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, hasa mtandaoni, maana ukimya huonekana kama mtandao umekatika, waambieni mapema.

Mkufunzi: Naunga mkono. Ongezeni zoezi la AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa pombe: maswali 10, alama 0 hadi 40, na kuanzia 8 ni ishara ya unywaji hatarishi. Makosa hutokea swali la 9 na la 10, ambayo hupewa 0, 2 au 4 tu. Na alama si utambuzi wa ugonjwa!

Muuguzi: Tafadhali msisahau usalama. Mnywaji mkubwa akiacha ghafla anaweza kupata degedege, kwa hiyo kila mhudumu ajue pa kumpeleka kabla ya kumshauri aache. Visa viwe vya kubuni, wala msirekodi bila ridhaa.