Kabati la ukutani Migosi: nimpe nani kazi?

Nyar Migosi

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Tuko Migosi hapa Kisumu, nyumba ni yetu, vyumba vitatu vya kulala, na hakuna hata kimoja kilichojengewa kabati. Aliyejenga alituachia kuta tupu na misumari. Tumeishi na kabati la dukani la milango miwili, mlango mmoja umeshuka mpaka unaburuza, pamoja na masanduku mawili ya bati ya watoto walio bweni, na ile mifuko mikubwa ya nailoni yenye miraba iliyopandana juu ya kabati hadi darini. Ukitaka shuka ya mgeni, lazima ushushe mifuko yote. Mzee ana suti za mazishi peke yake (mnajua huku kwetu Jumamosi ni za nani), mimi nina vitenge, leso na magauni marefu ambayo nikiyakunja yanatoka kama yamelaliwa na mbuzi. Na mwisho wa mwaka nategemea mtoto, kwa hivyo nguo ndogondogo zimeanza kurudi kutoka kwa dada zangu, mfuko baada ya mfuko.

Ukuta ninaoutaka una mita 2.7, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.7 vilevile. Nyuma yake ni bafu. Nguo zinazokaa kona ya huko zinatoa uvundo, hasa masika, na viatu vya ngozi vya Mzee viliota ukungu wa kijani.

Nimepewa bei mbili. Duka moja la mjini walikuja na kipimo cha leza, wakanichorea kwa kompyuta kabati la ajabu: milango ya kuteleza yenye vioo, taa ndani, droo ya soksi yenye vijumba. Shilingi 185,000. Fundi wa Kibuye naye alikuja na tepu yake, akazungusha macho, akasema 90,000 mbao na kazi, na akataka elfu sitini mkononi siku hiyohiyo. Hakuchora chochote. Nilipomwuliza kuhusu unyevu akanijibu, "Mama, tutapaka rangi."

Nimchukue nani? Na ndani nigawe vipi? Mzee anasema mradi liwe na mlango unaofungika, mengine niamue mwenyewe.

Jirani wa Kondele

Dada, laki na themanini kwa ajili ya soksi? Toa kila nguo ambayo hujaivaa tangu uchaguzi wa 2022, gawia watu. Hilo kabati lako bovu litakutosha na nafasi ibaki.

Nyar Migosi

Za mazishi hazihesabiwi hivyo, jirani. Hujui lini utaitwa.

Fundi Randa

Shemeji, mimi ni seremala na karakana yangu iko Kibuye, kwa hivyo ujue mapema ninaegemea wapi. Ila kabati nitalifikia baadaye. Kwanza huo ukuta.

Chukua kipande cha nailoni safi, kama futi mbili kwa mbili. Kibandike ukutani upande wa bafu, chini chini, selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kiache siku mbili. Ukikibandua ukute matone upande ulioangalia ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: bomba linavuja, au simenti kati ya vigae vya bafu imeachia. Matone yakiwa upande wa chumba, ukuta ni mzima, ni hewa ya chumba iliyo nzito, ziwa hili letu, mvua, na dirisha linaloshinda limefungwa kwa sababu mko kazini. La kwanza anaitwa fundi wa bomba. Rangi haizuii kitu, itavimba na kubambuka, na safari hii itakuwa nyuma ya kabati mahali ambapo huoni.

Hata nailoni ikitoka kavu, mwambie yeyote utakayempa kazi aache sentimita tatu hadi tano kati ya mgongo wa kabati na ukuta, na atoboe matundu ya hewa kwenye msingi na juu karibu na dari. Matundu yawekwe wavu, usisahau wale wadudu wa ziwa. Wakiingia usiku mmoja taa ikiwaka, asubuhi wamelala juu ya kabati tabaka zima, na wakikauka ni vumbi jeusi linaloshukia mashati meupe. Ndiyo sababu kabati la Kisumu nalipandisha mpaka dari. Lisilofika dari ni sinia la kuwapokea.

Sasa vipimo. Bodi ya kiwandani, iwe MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au chipubodi (chembe za mbao) yenye melamini, lile ganda gumu la juu, ni futi nane kwa nne, yaani milimita 2440 kwa 1220. Kila kitu kinaanzia hapo. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 60, na kidogo kinakwenda na msumeno. Sentimita 60 ndicho kina cha kabati la nguo, maana koti likiwa kwenye henga linakula kama 55. Milango ya kuteleza inataka sentimita nane hadi kumi za reli. Basi ama makoti yanabanwa, ama bodi inapasuliwa 70 na kipande cha 50 kinabaki pembeni, umeshakilipia. Sehemu ya ile 185,000 iko hapo, nyingine iko kwenye vioo.

Halafu milango yenyewe. Mita 2.7 ukigawa milango sita, kila mmoja ni sentimita 45. Bodi moja inatoa miwili tu, kwa hivyo zinakwenda bodi tatu. Kila mlango ukiwa 40, bodi inatoa mitatu, zinatosha bodi mbili. Mimi ningekujengea kabati la mita 2.4, na zile sentimita 30 zinazobaki ningeziacha upande wa bafu, rafu za viatu bila mlango. Viatu vya Mzee vinapata hewa, na nguo zinahama ile kona.

Ndani ni vyumba vitatu vya sentimita 80. Kwa bodi ya milimita 18 usikubali rafu ndefu kuliko hapo, ukiipakia jinzi na blanketi inapinda katikati. Chumba cha kwanza bomba moja la kutundikia, magauni yako yapate mita 1.6 ya kuning'inia, na chini yake panabaki kama sentimita 60: masanduku ya bweni yanaingia hapo moja juu ya jingine. Cha pili mabomba mawili, moja juu na moja katikati, kila moja na mita moja na kitu. Makoti na mashati juu, suruali chini. Cha tatu rafu, sentimita 30 hadi 35 kati ya moja na nyingine. Ukizidisha hapo watu wanajenga ghorofa ya fulana, na mtoto akitaka ya chini ghorofa nzima inashuka. Juu ya vyumba hivyo zinabaki kama sentimita 30 hadi darini, weka milango midogo. Vitu vyepesi tu, duveti na shuka za wageni. Droo moja au mbili basi. Droo inakula bodi, reli na saa za fundi kuliko kitu kingine chochote humo.

Msingi uwe wa saipras iliyopakwa dawa ya mchwa, kimo cha sentimita kumi. Usiwe wa bodi. MDF ikinywa maji ya deki inavimba kama andazi na hairudi tena. Wapo watakaokuambia ufanye kabati zima kwa mbao halisi. Sikatai, lakini saipras ilipanda bei tangu serikali ilipopiga marufuku kukata miti katika misitu yake Februari 2018, na inayouzwa sasa mara nyingi haijakauka vizuri. Mlango wa zaidi ya mita mbili uliotengenezwa kwa mbao mbichi utajipinda, na utaniita mimi.

Elfu sitini mkononi, usimpe. Simwiti mwizi, simjui. Nenda naye duka la bodi, lipa wewe mwenyewe, bodi zikatwe na zibandikwe utepe wa ukingo kwa mashine hapohapo, risiti ikae kwako. Utepe wa kubandikwa kwa pasi ya nyumbani ndio huanza kuachia, kisha bodi inavuta unyevu kupitia ukingo. Kazi ya mikono mlipe kwa awamu.

Mpangaji wa Section 58

Niko Nakuru, nyumba si yangu, kwa hivyo mimi hata skrubu ukutani naomba ruhusa. Kabati langu limefungwa kwa bolti, linafunguka vipande na kupanda pikapu. Wapangaji wenzangu mkisoma hapa, msijengewe kitu cha kushikilia ukuta, mwenye nyumba atakiita chake siku ya kuhama.

Nakubaliana na fundi isipokuwa kwenye rafu. Rafu tupu na watoto ni vita. Dada, kabla hajapima chochote, nenda sokoni ununue vile vikapu vya plastiki vya mstatili, vyote saizi moja, na umpe apime rafu kwa vikapu hivyo. Kimoja cha sare, kimoja cha soksi na nguo za ndani, kimoja cha za mtoto. Mtoto anavuta kikapu chake chote, anachakura, anarudisha. Ni droo isiyo na reli, na ikivunjika unanunua nyingine. Sisi tulinunua vikapu baadaye na vinazidi rafu kwa kidole kimoja, vinakaa kimshazari mpaka leo.

Kitu kingine, tenga nusu rafu isiyo na kazi. Kweli kabisa, tupu. Wageni wa ghafla, nguo za kufua za mtu aliyekuja mazishini, mfuko wa mama mkwe. Kabati lililojaa siku ya kwanza linarudi kuwa mifuko juu ya kabati.

Nesi wa Kakamega

Mulembe dada, na hongera. Mengine wameyamaliza, mimi nina moja tu, na ni la hizo nguo ndogo zinazorudi kwa mifuko.

Wengi huku tukihifadhi nguo tunatupia vile vidonge vyeupe vya naftalini, vya kufukuza nondo na mende. Ukifungua mfuko wa dada yako ukasikia harufu hiyo, usimvalishe mtoto mchanga moja kwa moja. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Ni jambo la kurithi, na linapatikana zaidi kwenye maeneo ya malaria kama yetu haya. Mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke wa naftalini, au ukipita kwenye ngozi yake, chembe nyekundu za damu zinapasuka. Anapata manjano kali, na manjano kali kwa mtoto mchanga inaweza kuumiza ubongo. Kwa kumtazama tu huwezi kujua kama anao.

Kwa hivyo: vidonge visiingie kabisa kwenye kabati hilo. Nguo zilizokwisha kukaa navyo zianikwe nje siku kadhaa, zifuliwe, zianikwe tena juani hadi harufu iishe, na blanketi vivyo hivyo. Ikibaki hata kidogo, usizitumie. Na ukimwona mtoto amegeuka njano machoni, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, usingoje kesho, nenda hospitali na uwaambie kuhusu hivyo vidonge.

Ukitaka kuzuia wadudu, nguo ziingie zikiwa safi na kavu kabisa. Nondo wanapenda sufu yenye jasho. Makaa kwenye bakuli yanasaidia harufu, ila msiyategemee kwa unyevu.

Nyar Migosi

Nesi, Mungu akubariki. Mifuko miwili ilikuwa na hivyo vidonge, nimeitoa yote nje kwenye kamba na nimempigia dada yangu.

Fundi, nailoni imetoa majibu. Matone upande wa ukuta, mengi. Fundi wa bomba amebomoa vigae vitatu bafuni na amekuta kiungo kinadondosha polepole nyuma yake, ukuta umelowa hadi usawa wa goti. Amekibadilisha. Sasa ningoje muda gani kabla ya kujenga? Mtoto hangojei.

Duka la mjini nimewaambia hapana. Yule wa Kibuye nimempigia nikamwambia mambo ya bodi na risiti. Amekasirika kidogo halafu amekubali.

Fundi Randa

Akikasirika kisha akakubali ni mtu wa kufanya naye kazi.

Usihesabu siku, acha nailoni ikuambie. Kwangua rangi yote upande huo ukuta upumue, fungua dirisha mchana, na urudie kubandika kila baada ya wiki mbili. Ikitoka kavu mara mbili mfululizo, anza. Ikifika mwisho wa mwaka bado inatoa maji, mwambie ajenge vyumba viwili vya mbali na bafu kwanza, cha tatu kije baadaye. Bodi za vyumba vyote vitatu zikatwe siku moja ili rangi zifanane, na zisihifadhiwe humo chumbani, wala zisilazwe sakafuni.

Bawaba ziwe zile za kikombe kinachozama ndani ya mlango, milimita 35, tano kwa kila mlango mrefu. Atakuambia tatu zinatosha. Mlango wako wa sasa unaoburuza, nenda ukazihesabu zake.