San Antonio Spurs wa NBA 2013-14: walicheza vile msimu mzima au ni zile fainali tu?

Mwalimu_wa_Pasi

Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa na wale mlioufuatilia ule msimu kwa karibu. Nina timu ya vijana nawafundisha kikapu, miaka 15 mpaka 17, vipaji wanavyo ila tatizo letu ni moja tu, mtu akishapata mpira hauachii, anadunda anadunda mpaka muda unaisha na wenzake wanne wamesimama wanamwangalia kama wamelipa kiingilio. Nimeongea mpaka nimechoka. Juzi jamaa yangu akaniambia acha kuwapigia kelele, waonyeshe San Antonio Spurs wa 2014, basi.

Nikatafuta klipu za ile fainali yao na Miami Heat na aisee nilibaki nimeduwaa, mpira haukai mkononi kwa mtu, unatoka juu unaingia kati unatoka kona unarudi kona nyingine na mtu anashuti peke yake kabisa kama yuko mazoezini. Ila mimi mwenyewe miaka hiyo sikuwa naangalia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa hiyo naogopa kuwaambia vijana kitu ambacho sikijui. Maana klipu zinadanganya, ukichagua dakika 5 nzuri timu yoyote itaonekana ya mbinguni.

Kwa hiyo naomba kujua, walikuwa wanacheza vile msimu mzima au walipatia tu kwenye fainali? Na wale wazee, Tim Duncan alikuwa na miaka 38, Manu Ginobili 36, walifikaje Juni wakiwa bado na miguu ya kukimbia na kina LeBron James wa Heat? Na kama kuna mechi mnaniambia hii ndo uwaonyeshe vijana, nitajieni.

Kona_Tatu

Mkuu swali lako limenigusa maana huo msimu ndo ulionifanya niupende huu mchezo moja kwa moja. Ila usianzie Oktoba 2013, utakuwa umeingia katikati ya stori. Anzia Juni 18, 2013, Miami, mechi ya 6 ya fainali iliyotangulia, na hao hao Heat, anayetangulia kushinda mechi 4 ndo bingwa. Spurs wanaongoza mechi 3-2 na wako mbele pointi 5, zimebaki sekunde 28, kamba za njano zimeshaanza kutandazwa kuzunguka uwanja ili wakabidhiwe kombe. Manu ndo ametoka kupata mitupo huru miwili akakosa mmoja. LeBron anapiga tatu. Kawhi Leonard, kijana wa miaka 21, naye anapata mitupo miwili anakosa mmoja. LeBron anashuti tena anakosa, Chris Bosh wa Heat anadaka rebaundi, Duncan wakati huo yuko benchi, kocha alikuwa amemtoa ili waweze kukaba tatu vizuri, Bosh anamrushia Ray Allen ambaye anarudi kinyumenyume mpaka kona bila kuangalia chini, anapiga tatu zikiwa zimebaki sekunde 5. Wakaenda dakika za nyongeza wakafungwa 103-100. Mechi ya 7 wako nyuma pointi 2 zimebaki sekunde kama 50, Duncan yuko karibu na ringi kabisa, shuti ambalo amelipiga maelfu ya mara tangu anaingia ligi 1997, akakosa, akaugusa tena ukagoma. Akarudi kukaba huku anapiga sakafu kwa viganja. Mimi ile picha ya mikono yake kwenye sakafu sijawahi kuisahau.

Sasa timu nyingi ikipigwa vile inavunjwa, mnauza wazee mnaanza upya. Hawa walirudi karibu wote. Na walipokutana kambini kocha Gregg Popovich aliwakalisha waangalie zile mechi walizopoteza, mchezo kwa mchezo. Fikiria umekaa chumba kimoja na Kawhi na Manu mnaangalia ile mitupo waliyokosa, na hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole.

Kuhusu swali lako, pasi zile zilikuwepo msimu mzima mkuu. Kuna kanuni yao moja ambayo hata wewe unaweza kuanza nayo kesho: ukipokea mpira una nusu sekunde ya kuamua, shuti au pasi au ingia ndani, kusimama na mpira hakuna. Na mtu mwenye nafasi nzuri anaiacha kama kuna mwenzake mwenye nafasi nzuri zaidi. Ila Januari walikuwa wa kawaida tu, wakubwa wenzao wakawa wanawapiga, majeruhi kibao, Kawhi kavunjika mfupa wa mkono, Danny Green nje, Tiago Splitter nje. Walipopona wote ndo mwisho wa Februari wakaanza kushinda, wakashinda mechi 19 mfululizo, rekodi ya klabu. Wakamaliza 62-20, hakuna aliyewazidi ligi nzima.

Benchi_Refu

Ngoja mimi nidandie hapo kwenye wazee maana hilo ndo linalonikosha kuliko hata pasi. Chukua takwimu za msimu wa kawaida wa ile timu, tafuta mchezaji aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Hayupo. Hata mmoja. Aliyecheza nyingi kuliko wote ni Tony Parker na alikuwa na dakika 29 na kidogo, na huyo huyo ndo aliongoza kwa kufunga na wastani wake haufiki hata pointi 17. Timu bora ya ligi, mfungaji wao mkuu hafiki 17! Sasa niambie ni kocha gani mwenye mastaa watatu waliokwisha kubeba makombe atawaambia kaeni chini robo ya nne tena mechi ya Jumanne, na wao wakakubali bila kununa.

Na hilo halikuanza mwaka huo. Novemba 2012 Popovich aliwarudisha nyumbani Duncan, Parker, Manu na Green kabla ya mechi ya Miami iliyokuwa inaonyeshwa nchi nzima, ligi ikaipiga klabu faini ya dola 250,000. Watu walimsema sana kwamba anawanyima mashabiki haki yao, na mimi naelewa kabisa mtu aliyenunua tiketi akaumia. Ila angalia matunda yake, kina Patty Mills, Marco Belinelli, Boris Diaw, Cory Joseph, walicheza dakika za kweli kuanzia Novemba sio zile za mechi imeshaisha, kwa hiyo ilipofika Mei hakuna aliyekuwa anatetemeka. Mechi ya 6 ya fainali ya kanda ya Magharibi na Oklahoma City ugenini Parker aliumia kifundo cha mguu hakurudi kipindi cha pili. Timu nyingine hapo inakufa. Joseph akaingia, Diaw akafunga 26 akitokea benchi, wakashinda 112-107 dakika za nyongeza na Duncan ndo alizimaliza zile dakika kwa mikono yake.

Halafu kuhusu Diaw mkuu waambie vijana wako hii, huyo jamaa Charlotte walimwacha Machi 2012, timu ambayo msimu huo ilikuwa ya mwisho kabisa, ilimwona hana maana. Danny Green naye Cleveland walimtema. Klabu zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya, Manu alichaguliwa namba 57, Parker 28, Kawhi 15 tena wakampata kwa kumtoa George Hill. Ukiondoa Duncan hakuna hapo mtu aliyeingia ligi anapigiwa tarumbeta.

SautiNyingine

Wakuu naheshimu mapenzi yenu ila jamaa ameuliza kwa sababu hataki kudanganywa na klipu, sasa tusimfanyie klipu ya maneno. Mbona hamjasema kwamba raundi ya kwanza kabisa Dallas walioshika namba 8 waliwapeleka mpaka mechi 7? Vince Carter aliwapiga tatu ya kona honi inalia mechi ya 3, wakawa nyuma 2-1. Msimu wa kawaida Oklahoma City waliwafunga mechi zote 4, zote! Na kwenye mtoano Spurs wakawatandika mbili za kwanza wakati Serge Ibaka ameumia, aliporudi tu ikawa 2-2. Na Heat wa 2014 hawakuwa Heat wa 2013, fainali ya nne mfululizo ile, Dwyane Wade magoti yameisha, LeBron anabeba kila kitu. Mechi ya 1 kule San Antonio kiyoyozi kiliharibika uwanja mzima, joto zaidi ya nyuzi 30, LeBron akabanwa na misuli akatolewa amebebwa dakika za mwisho. Mechi ya 2 alikuwa mzima na Spurs walilala nyumbani kwao 98-96.

Sisemi hawakuwa wazuri, walikuwa wazuri sana. Nasema tu kijana asije akadhani ukipiga pasi basi kila kitu kinanyooka. Kuna siku pasi zilipigwa na shuti hazikuingia.

Kona_Tatu

@SautiNyingine hapo umesema kweli na ni vizuri umesema. Ya Dallas ilinitesa mimi binafsi, nilidhani mwaka umeisha. Ila nikuulize, mechi ya 7 na Dallas ilikuaje? 119-96. Na baada ya kulala mechi ya 2 fainali walikwenda Miami wakafanya nini? Walibadilisha kitu kimoja tu, Diaw akaanza badala ya Splitter, na hapo ndo kiini cha ile fainali kwa macho yangu.

Mwalimu sikiliza hapa maana hiki ndo utakitumia. Heat walikuwa na ukabaji wa fujo, mwenye mpira akiwekewa skrini (mwenzake anasimama kumzibia mkabaji) wanamrukia watu wawili ili apaniki apoteze mpira. Timu nyingi zilikuwa zinapaniki kweli. Spurs walikuwa wanautaka huo mtego. Parker anakuja na mpira, Duncan anamsimamia skrini, wawili wanamrukia, kabla hawajamfikia mpira umeshamtoka upo kwa Diaw katikati karibu na mstari wa mitupo huru. Sasa hesabu, wawili wako nyuma na Parker, mbele wamebaki watatu wanakaba wanne. Mmoja lazima atoke kumzuia Diaw. Akitoka tu, Diaw hata hautui chini, umeshakwenda kona kwa Green. Anayekimbilia kona ameacha mtu, Green anampa huyo. Hapo Heat wanakimbizana na mpira na mpira hauchoki. Diaw ni mnene kidogo, haruki, hakimbii, ila anaona pasi kabla haijakuwepo, senta wa kawaida akipewa mpira pale kati anaudunda mara mbili na mlango umeshafungwa.

Mechi ya 3 robo ya kwanza pekee pointi 41, kipindi cha kwanza 71, shuti 33 zimeingia 25. Ugenini, fainali. Kawhi 29. Mechi ya 4 107-86, ya 5 104-87. Ukijumlisha mechi zote 5 waliwazidi pointi 70. Wade angekuwa mzima labda ingekuwa 50, sijui, ila zile pasi zisingebadilika.

Mwalimu_wa_Pasi

Wakuu asanteni sana, na wewe SautiNyingine nakushukuru kipekee. Jana usiku nimeirudia mechi ya 3 robo yote ya kwanza, nikawa nasimamisha kila Parker anapowekewa skrini, na kweli bwana macho yangu siku zote yalikuwa kwa mwenye mpira kumbe kazi inafanywa na ambao hawana. Green akiwa kona hasimami tu, anasogea hatua moja juu au moja chini ili pasi impate bila kugusa mkono wa mtu. Hatua moja! Mimi vijana wangu nimekuwa nawaambia "pigeni pasi" na sijawahi kuwaambia wakae wapi ili wapasiwe.

Kuna kijana wangu mmoja ndo mkali wao, ndo huyo anayedunda sana, nahofia nikimwambia apige pasi atajiona nimempunguza. Mngenishauri vipi hapo?

Benchi_Refu

Huyo muonyeshe mechi ya 5 mkuu, sio ya 3. Ya 3 ni nzuri mno, ataona maajabu tu. Ya 5 Spurs wanaanza vibaya kabisa, Heat 22, wao 6, LeBron amewaka. Hapo ndo mkali wa timu yoyote anaamua kubeba peke yake. Mwambie aangalie Manu tu, asiangalie wengine. Mwaka mmoja nyuma fainali zile zile alipoteza mipira ovyo mpaka watu wakasema amekwisha astaafu, na mwaka huu anaingia kutoka benchi, anapasia, anapasia, halafu njia ikifunguka yenyewe anapanda na miaka yake 36 anadanki juu ya Bosh kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemkataza kuonyesha ukali wake. Alisubiri tu njia ifunguke.

Na ukimaliza mwonyeshe nani alibeba tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Kawhi, miaka 22, yule yule aliyekosa mtupo huru mwaka uliopita. Mechi ya 1 na ya 2 alifunga pointi 9 na 9, hakuna aliyelalamika wala kumchorea michezo ya peke yake, mpira ulimfikia kwa njia ile ile unayowafikia wote.

SautiNyingine

Naunga mkono mechi ya 5. Na mwalimu, mpe dakika ya kupumzika huyo kijana mkali, akae benchi karibu na wewe, muulize "sasa hivi ungekuwa na mpira ungempa nani?" kabla pasi haijapigwa. Mimi nilichezeshwa hivyo nikiwa na umri huo na niliumia wiki mbili za kwanza, ya tatu nikaanza kuona.

Mwalimu_wa_Pasi

Jumamosi tuna mazoezi, naenda na laptopu na hiyo mechi ya 5. Nitawaambia kila aliyepokea mpira nihesabu nusu sekunde kwa sauti. Nitarudi kuwaambia imekuaje.