Tupeane uzoefu: ulioshea nini gari likachubuka? Wa Mtwara na Lindi tukutane hapa

Upepo wa Shangani (mleta mada)
Wakuu, heshima zenu. Jana jioni niliegesha Shangani kupunga upepo. Nageuka kuliangalia gari, jua la saa kumi na moja limepiga boneti kwa ubavu. Usiku sikulala vizuri. Mistari midogo midogo imezunguka kama utando wa buibui, boneti nzima hadi milangoni. Gari ni Premio nyeusi, ninayo mwaka na miezi, haijawahi kupelekwa kwa vijana wa kuosha. Naosha mwenyewe kila Jumamosi, tena si kwa tambara. Nina ile glavu ya maikrofaiba yenye tambi tambi nene, niliinunua Kariakoo nikaapiwa kwamba hii haichubui. Sasa kama haichubui, nani kachubua?
Aliyewahi kulizwa na glavu, sponji, dekio, chochote kile, aje asimulie.

Dereva Mstaafu
Gari nyeusi huku kwetu ni sawa na kuvaa kanzu nyeupe msimu wa mabibo. Pole.

Puliza Klia
Mimi ni fundi rangi. Glavu yako haina kosa, mkuu. Juu ya rangi kuna klia, lile tabaka angavu linaloikinga rangi, na klia ya kiwandani mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wako. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Ukiweka glavu juu ya vumbi, glavu inageuka msasa laini. Jibu maswali mawili tu: unalimwagia maji kwanza kabla hujaligusa? Na ndoo unatumia ngapi?

Upepo wa Shangani
Beseni moja. Maji nalimwagia, lakini kidogo, mtaani kwetu maji ni ya kuvizia. Sabuni ya unga.

Puliza Klia
Basi umejijibu.

Mama Salfa
Mmenikumbusha Newala, mwaka juzi mwezi wa saba, watu wanapulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano. Nilimwachia shemeji gari, akaliegesha chini ya mkorosho wa jirani, na jirani asubuhi ile akawasha pampu. Natoka ndani nakuta gari imekuwa ya njano kama imepakwa binzari. Nikachukua kanga kuukuu nikapangusa kavukavu. Kosa la kwanza. Kosa la pili nikamwaga maji nikidhani yataondoa. Wenye mikorosho mnajua, ule unga haushiki maji. Maji yanateleza, unga unaelea juu yake umetulia kabisa. Ndipo nikaingiza glavu ya tambi, ikaubeba wote kati ya zile tambi. Macho yanawasha, nalia kama nakata vitunguu, huku nasugua. Mistari ya kanga ipo hadi leo, upande wa dereva. Glavu nimeifua mara nne na bado inanuka salfa ikilowa.

Sponji la Godoro
Mnajitafutia mambo. Tangu 2009 nakata kipande cha godoro, nachovya, naosha Hilux, nakwenda zangu shamba. Glavu ni ya kuvaa daktari.

Dereva Mstaafu
@Sponji la Godoro Hilux rangi gani?

Sponji la Godoro
Nyeupe. Kwani?

Dereva Mstaafu
Nyeupe hata ukiiosha kwa stiliwaya haitoi siri. Lete nyeusi ndiyo tuongee.

Sponji la Godoro
Watu wa Mtwara mjini mna dharau sana. Gari ni chombo cha kazi. Likishika breki na likipanda mlima wa Newala, rangi inakuhusu nini?

Puliza Klia
Sponji uso wake ni bapa. Chembe ikiingia haina pa kujificha, inabaki kati ya sponji na bodi, unaiburuza mlango mzima. Tambi za glavu zinaimeza chembe ndani, mbali na rangi. Ila tumbo la glavu nalo linajaa. Usipolisuuza kila baada ya paneli moja, kazi bure.

Kijana wa Rahaleo
Nilikuwa napita tu, ila hii mada imenigusa pabaya. Ngoja nimwage.

Idd pili, Lindi. Baba mkwe katoka Nachingwea na Mark II yake nyeusi, gari analolipenda kuliko sisi wote, limejaa vumbi jekundu hadi kwenye vitasa. Nina miezi mitano tu kwenye ndoa, natafuta sifa. Nikamwambia, "Shikamoo baba, pumzika barazani, gari nitalishughulikia." Shemeji alikuwa ameniletea glavu kutoka Dar, mpya kabisa, ya buluu. Nikaona leo ndiyo leo.

Uwanja wetu ni mchanga wa pwani, ule wenye vipande vya magamba ya chaza. Paa nimeosha vizuri, vioo vizuri. Nafika boneti, glavu inateleza mkononi, puu, chini kifudifudi. Nikaiokota nikaipiga pajani mara mbili, nikaichovya kwenye beseni lile lile, nikaendelea. Tena nazungusha duara, povu linapanda, naimba na nyimbo ya harusi. Nikasikia mlio kama mtu anakwangua ukoko wa wali. Nikasimama. Nikasema moyoni ni kokoto imekanyagwa. Nikaendelea!

Jamani, bodi ikilowa haionyeshi kitu. Nimemwagia maji, linang'aa kama kioo, mkwe kule barazani ananyanyua kikombe cha kahawa kunipongeza. Nikaanza kufuta. Kila nikifuta maji, duara linajitokeza. La kwanza, la pili, la tano. Boneti imekuwa kama chini ya sufuria iliyosuguliwa kwa stiliwaya. Nikageuza glavu, kati ya tambi kimekaa kipande cha gamba, saizi ya ukucha wa kidole kidogo, kimetulia tuli.

Nikaona mbele giza. Nikaingia jikoni, nikachukua mafuta ya nazi ya mke wangu, nikapaka boneti yote. Wallahi mistari ikapotea! Gari likawa jipya. Nikamkabidhi mzee ufunguo kwa mikono miwili, akaondoka kwenda kuwaona ndugu zake Mingoyo.

Narudi, naitwa dukani.

Mama Salfa
Wewe! Huwezi kutuacha Mingoyo!

Bibi Harusi wa Masasi
Mafuta ya nazi na vumbi la barabara 🤣🤣 nasubiri hapa hapa, nimeepua hadi maharage.

Upepo wa Shangani
Wakuu, turudi kwenye mada kidogo. Mtu ajibu la maji. Ndoo mbili nazipata wapi wakati maji yenyewe yanatoka kwa wiki mara mbili?

Mzoa Makaa
Ndoo mbili za lita 20 zinatosha. Moja sabuni, nyingine maji matupu ya kusuuzia glavu. Chini ya ile ya kusuuzia mimi hugeuza kikapu cha plastiki cha kuoshea mboga, mchanga unapita kwenye matundu unabaki chini, glavu haiufikii tena. Barabara ya Songea hadi Masasi nafuata nyuma ya malori ya makaa ya mawe, najua ninachosema. Matairi na rimu zina kitambaa chao, nazimalizia mwisho.

Mwana wa Mikindani
Mimi nasema rimu ndiyo zianze, ukimaliza mwili halafu ukaosha rimu, uchafu unarukia milango safi. Na usitumie maji ya kisima cha pwani kumalizia. Yakikauka juani yanaacha madoa meupe ya chumvi, ukiyasugua umerudi kule kule.

Mzoa Makaa
Kila mtu na rimu zake.

Sponji la Godoro
Subirini masika, Mungu anaosha bure.

Dada wa Nanyamba
Kuna glavu ya sufu ya kondoo, kaka yangu aliagiza. Laini kweli, inateleza kuliko ya tambi. Lakini kwa unyevu wa huku haikauki, siku ya tatu inanuka kama kondoo mwenyewe. Ya maikrofaiba geuza ndani nje, anika kivulini. Usiifue pamoja na taulo wala kanga za pamba, inaokota nyuzi. Na ile dawa ya kulainisha nguo usiiweke kabisa, inazipaka mafuta tambi, zinaacha kushika uchafu.

Bibi Harusi wa Masasi
Asante dada, lakini YULE KIJANA YUKO WAPI?

Kijana wa Rahaleo
Nimerudi, kulikuwa na mteja wa sukari.

Mzee karudi saa kumi. Kutoka getini naona boneti si nyeusi tena. Vumbi lote la njiani limenasa kwenye yale mafuta, boneti imekuwa kama chapati iliyokunjwa kwenye unga. Mzee kashuka taratibu. Hakuniangalia. Kapitisha kidole kimoja juu ya boneti, kakipeleka puani, kakaa nacho pale muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:
"Mkwe, hii boneti umeiunga nazi?"
Mke wangu alikimbilia ndani kucheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Salfa
😭😭😭 Umeiunga nazi!

Dereva Mstaafu
Nimecheka hadi abiria wameniuliza kulikoni. Heshima kwa mzee.

Puliza Klia
Mlitengeneza?

Kijana wa Rahaleo
Fundi alilioshea sabuni ya vyombo kutoa mafuta, kisha akapitisha ukucha juu ya kila mstari. Ukucha uliposita akasema huu umezama, polishi haiutoi bila kumaliza klia yote. Uliposita ni mistari miwili, hiyo ipo hadi leo. Mingine ilitoka kwa mashine ya polishi. Nililipa mimi. Na kwenye simu ya mzee nimehifadhiwa kwa jina la Mpishi, mke wangu kaniapia.

Puliza Klia
Alichofanya ni sahihi. Sabuni ya vyombo na ya unga zinatoa hadi nta iliyokuwa inailinda rangi, kwa hiyo usiifanye ya kila Jumamosi. Tafuta shampuu ya magari. Glavu ikianguka chini, imekufa siku hiyo, chukua nyingine. Na acheni duara, vuta mstari mnyoofu. Hata ukichubua, hautazunguka kama utando.

Mwana wa Mikindani
Mimi nazungusha duara tangu zamani na sina mstari hata mmoja.

Puliza Klia
Liegeshe juani saa kumi na moja, uje useme tena.

Mwana wa Mikindani
Nitakuja kesho.

Upepo wa Shangani
Wakuu, mrejesho. Nimeichukua ile glavu yangu nikailoweka kwenye beseni jeupe, maji matupu, nikaipekua tambi moja moja. Nimemwaga maji polepole. Chini kumebaki mchanga mwekundu, unajaa kijiko cha chai. Mwaka mzima namsugua Premio kwa huo.

Dada wa Nanyamba
Pole kaka. Nunua mbili, ukipata.

Sponji la Godoro
Na mimi nimelikamulia sponji langu kwenye beseni jeupe.

Dereva Mstaafu
Ehe?

Sponji la Godoro
Sisemi.