Meli zipunguze mwendo sasa hivi, au tuendelee kusubiri mafuta mapya?

Wakuu naleta hii tuijadili, maana kila ikiongelewa habari ya meli na uchafuzi wa hewa watu wanakimbilia mafuta tu, mara methanoli, mara amonia, mara gesi asilia, na kuna kitu hakihitaji uvumbuzi wowote tunakiruka: mwendo.

Iko hivi. Meli ikienda kasi mara 2, nguvu ya kuisukuma inapanda karibu mara 8. Kwa hiyo ukipunguza mwendo asilimia 10 tu, hata ukihesabu kwamba safari imekuwa ndefu, unaokoa kama asilimia 19 ya mafuta, tena kwa injini ileile! Na lilishafanyika, baada ya uchumi kuyumba 2008 kampuni za kontena zenyewe zilipunguza mwendo ili kubana gharama. Kama ilifaa kuokoa pesa, inashindikana nini kuokoa hewa?

Najua wengine watasema mwendo ukishuka zitahitajika meli nyingi zaidi kubeba mzigo uleule, na vitu vinavyooza havisubiri. Ni kweli, silipingi hilo. Lakini meli ngapi zinakimbia bahari nzima halafu zikifika zinatia nanga nje ya bandari siku kadhaa zikingoja zamu? Yale mafuta yamechomwa bure kabisa.

Kinachoniuma ni huku kungoja. Meli zinatoa karibu asilimia 3 ya gesi zote za binadamu zinazopasha dunia joto, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, wameweka lengo la kufikisha gesi hizo za meli kwenye sifuri halisi karibu na 2050, halafu Oktoba 2025 pale London kura ya kuzitoza hela meli zinazochafua ikaahirishwa mwaka mzima. Na hiyo gesi asilia inayosifiwa, jamani, sehemu yake kubwa ni methani, na ile inayoponyoka kwenye injini bila kuungua inapasha joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi ukipima kwa miaka 20.

Mimi nasema uwekwe ukomo wa mwendo kisheria, kwa meli zote za aina moja, bendera yoyote, kwa sababu ukiacha kila kampuni ijiamulie basi bei ya kusafirisha mzigo ikipanda tu wote wanaongeza mwendo tena, na yule aliyejali mazingira ndiye anayepoteza wateja. Mnaopinga nielezeni, huo ukomo utakwamia wapi hasa?